Msomi, kahawa ya mzee isiishie mtandaoni!

Kijana wa Kyerwa anayesoma Uganda safari yake si ndefu. Anavuka Mto Kagera pale Murongo, anatokea Kikagati, anashika njia ya Mbarara. Pesa zake ndizo zinazosafiri mbali!

Jamani, mzee kauza kahawa ili mwanawe anunue kompyuta mpakato mtandaoni. Duka liko ng'ambo, bei ni ya dola. Akizituma kwa simu, shilingi ya Tanzania inageuzwa ya Uganda, halafu inageuzwa tena dola. Kila kituo kinamega chake. Heri aziweke kwenye akaunti ya mwanawe huku huku Kayanga, kijana alipe kwa kadi ya benki hiyo, zigeuzwe mara moja tu.

Duka likikuuliza ulipe kwa sarafu gani, chagua ya muuzaji. Ukichagua ya kwenu, mara nyingi unapigwa cha juu.

Kwanza piga simu benki: kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni? Mwisho wa malipo kwa siku ni kiasi gani? Na laini yako ya Tanzania usiitupe, msomi. Namba ya kuthibitisha malipo huja humo.

Muuzaji akikwambia, "Achana na kadi, nirushie kwenye namba yangu," kimbia! Malipo ya kadi unaweza kuyalalamikia benki mzigo usipofika. Ulizomrushia mtu, kuzirudisha ni kasheshe.

Mche wa kahawa humla mzee miaka 3 hivi kabla ya kuvuna. Wewe kubonyeza ni sekunde 1.