Filamu ya Beni Haibebwi na Uzito wa Msiba

Anayetaka kutengeneza filamu Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, hakosi jambo zito la kusema. Raia wanauawa tangu Oktoba 2014. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 hadi ilipomalizika Juni 2020. Lakini hapo ndipo filamu nyingi za kujitegemea hukwama. Mtengenezaji huona msiba wenyewe unatosha kuwa hadithi, basi huwapanga mashahidi mbele ya kamera, kila mmoja aeleze yaliyompata, na muziki wa huzuni ukipigwa chini kwa chini. Mkazi wa Butembo akitazama haambulii jipya; hayo aliyaishi. Hadithi huanza pale mtu anapotaka kitu, akakifuata, akazuiwa.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alilijua hilo alipotengeneza En route pour le milliard (2020). Wahanga wa vita vya siku sita, ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani Juni 2000, wanapanda boti kwenda Kinshasa kudai fidia. Wengine hawana miguu. Juu ya boti mvua inawanyeshea, wanabanana chini ya maturubai, wanagombana, wanaimba. Hakuna anayetueleza kwamba serikali imewasahau. Tunaliona wenyewe wanapofika Kinshasa na kukuta milango imefungwa. Wapo watakaosema Hamadi ana wafadhili wa Ulaya, sisi hatuna hata umeme wa uhakika. Kweli, pesa huleta sauti safi, na sauti mbovu imeziua filamu nyingi zenye nia njema. Ila kamera aliishika mwenyewe, na uamuzi wa kuwafuata watu wenye safari haukununuliwa.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba huku kwetu filamu lazima ifundishe, maana maisha ya watu yako hatarini. Wakati wa Ebola ujumbe wa wazi ulihitajika sana, na waliousambaza walifanya kazi njema. Lakini tangazo la afya lina kazi yake, nayo filamu ina yake. Kumbuka Desemba 2018: tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, huku rais akichaguliwa bila miji hiyo. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walijiandalia kura yao wenyewe. Walipanga foleni, wakanawa mikono kwanza, wakatumbukiza karatasi ambazo hakuna ambaye angezihesabu Kinshasa. Mtengenezaji akimchagua mmoja tu katika foleni ile, akamfuata tangu anapotoka nyumbani, Ebola itaingia yenyewe kupitia ndoo ya kunawia, na vita vitaingia kupitia barabara anayoogopa kupita, bila msimulizi kutuambia tuhuzunike wapi.