Kafka si wa mtihani tu

Umeingia chuo, na kozi ya fasihi ya Ulaya inakuletea majina mazito: Kafka, Camus, Sartre. Unajiambia, hawa wananihusu nini? Unatafuta notsi za mwaka jana, unakariri neno "udhanaishi", unapita, basi.

Hebu anza na Kafka. Mchana alikuwa mwanasheria wa bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, usiku akiandika. Mwaka 1915 alichapisha hadithi ya Gregor Samsa, kijana anayelisha wazazi na dada yake huku akilipa deni lao kwa bosi wake. Asubuhi moja anaamka amegeuka mdudu. Na unajua kinachomsumbua? Amechelewa treni ya kazini! Mkubwa wa ofisi anamfuata hadi nyumbani. Pesa zikikatika, upendo nao unapungua.

Kama wewe ndiye hutuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, hapo si Prague tena.

Ukimaliza, chukua Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi uone msomi wa Kitanzania akihangaika na maana ya maisha, kwa Kiswahili. Halafu darasani acha notsi, uliza: asiyeleta pesa bado ni mtu?