Mji Uliopatana na Mlima Wake

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, wanaokutana ni binadamu. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari za mji na mlima iliyokutana, ikagombanishwa, kisha ikapatana.

Mji ni Sarajevo, makao makuu ya Bosnia. Mlima ni Trebević, uliouinamia mji huo kwa karibu sana. Uislamu una mizizi mirefu huko. Msikiti wa Gazi Husrev-beg ulijengwa mwaka 1531, na mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo utayaona makanisa na sinagogi.

Tarehe 3 Mei 1959 lilifunguliwa gari la waya. Vijumba vidogo vilining'inizwa kwenye kamba ya chuma, na mtu akapanda kutoka mjini hadi mlimani kwa dakika chache tu. Watu wakenda mandari na watoto wao, kupunga upepo kama sisi tuendavyo ufukweni. Na ilipofanyika Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1984, njia ya mashindano ya vigari vya barafu ilijengwa papo hapo Trebević.

Kisha ikaja fitina. Mwanzoni mwa Machi 1992 mlinzi wa gari hilo aliuawa akiwa kazini. Mwezi uliofuata majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliuzingira mji, na dhiki hiyo ikadumu siku 1,425, hadi Februari 1996. Watu zaidi ya 10,000 waliuawa. Makombora yalitoka kwenye vilima vya jirani, na Trebević, mlima wa mandari, ukiwa mmojawapo. Chuoni tulifundishwa kuwa milima ni vigingi vya kuituliza ardhi; hapa binadamu alikigeuza kigingi kuwa mkuki.

Gari likaharibiwa, stesheni zake zikawa magofu, na mabomu yakafukiwa mlimani. Amani iliporudi, mlima ulikuwa pale pale, lakini wengi hawakuthubutu kuukanyaga. Hili ndilo linishikalo moyo. Ukuta uliobomoka hutengenezwa kwa mawe na saruji. Je, hofu hutengenezwa kwa nini?

Miaka ilipita. Edmond Offermann, mwanasayansi wa Kiholanzi aliyeoa binti wa Sarajevo, alitoa mamilioni ya fedha katika mali yake mwenyewe, na serikali ya mji ikaongeza. Tarehe 6 Aprili 2018 gari likarudi, siku ile ile ambayo mji ulikombolewa kutoka kwa Wanazi mwaka 1945. Sasa vijumba ni 33, kila kimoja huchukua watu 10, na safari ni ya dakika kama 7.

Mpaka baina ya sehemu mbili za utawala wa nchi hiyo bado unapita mlimani humo, na kamba ya chuma haifufui maiti wala haifuti damu. Lakini mzee aliyejificha chini ya ardhi akiusikia mlima ukinguruma, leo aweza kumpakata mjukuu wake ndani ya kijumba, wakapaa juu ya mapaa na minara, na mtoto akaujua mlima kwa upepo wake. Suluhu haiji siku moja. Huanza pale mtu anapokubali kurudi mahali alipoumizwa, naye apate wa kumfungulia mlango.