Je, Wajua? Babu wa Nyamira Yumo Jaladani, kwa Jina Jingine

Je, wajua kwamba anayetafuta habari za babu yake katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, akiulizia jalada la “Nyamira” la mwaka 1920 atatoka mikono mitupu? Enzi hizo Kisii na Nyamira zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, na ripoti za wakuu wa wilaya zimewekwa chini ya jina hilo.

Nakala za mikrofilamu za ripoti nyingi kama hizo zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Kwa hiyo mjukuu aliyehamia New York huenda akazisoma kabla ya binamu yake wa mji wa Keroka!

Karibu na nyumbani kuna rejista za ubatizo. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, huko Kisii, ilianzishwa 1911, na kwa kawaida mstari mmoja wa rejista ya Kikatoliki hubeba jina la mtoto, baba, mama na msimamizi. La mama ndilo la kunakili kwanza, maana nasaba inayosimuliwa kwa mdomo hufuata wanaume.

Mipaka ya kaunti nayo isimpoteze mtafiti. Jina moja limevuka mpaka: Mugirango Kusini iko Kisii, ilhali Mugirango Magharibi na Kaskazini ziko Nyamira. Afadhali aulize ukoo: miongoni mwa koo za Abagusii, jamii ya Kisii na Nyamira, Bonchari kwa mfano ishara yao ni kiboko. Masimulizi ya wazee kuhusu koo hizo yamo katika kitabu cha historia ya Abagusii cha William Ochieng’, kilichotoka 1974.