Unapopanga ya kesho, umeishukuru afya ya leo?

Jioni ya Idd, pita uwanja wa Makadara, Mombasa. Utawaona watoto wenye nguo mpya wakisubiri zamu ya pembea, mikononi wana mabuyu na viazi karai. Baba anatoa pesa, mama anahesabu vichwa: wote wapo, hakuna aliyebaki kitandani na homa. Je, msomaji, ni lini ulipokaa ukauhesabu huo kuwa utajiri?

Wengi wetu tuna daftari la mipango. Humo mna karo, kiwanja Kisauni, harusi ya binti, safari ya Hija. Afya haimo. Twaichukulia kama hewa.

Baba yangu alikuwa na daftari kama hilo. Alijinyima miaka sita hata akapata kiwanja. Presha hakuwahi kupimwa, kwa kuwa hakuumwa popote. Lakini presha mara nyingi haipigi hodi. Siku alipoanguka, upande mmoja ukapooza, na kiwanja kiliuzwa kwa wiki moja. Hadi leo hutwambia, "Kile kipimo kilikuwa cha dakika tano tu, wanangu."

Shukrani, basi, si ya mdomo pekee. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nendeni mkapimwe presha na sukari wakati mngali wazima, wazee na vijana.

Kisha itazame bima yako. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata shilingi 40,000 hukatwa 1,100. Asiyeajiriwa hupangiwa kulingana na pato la nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Hapo ndipo muuza samaki na fundi wa cherehani wanapokwama. Lakini ukidunduiza shilingi 10 kila siku, mwaka ukiisha una 3,650. Kiwango cha chini ni 3,600. Hakikisha pia mwenzio na watoto wameandikishwa.

Leo Jumapili, lifungue daftari lako. Juu ya karo na kiwanja, andika majina ya walio nyumbani, na mbele ya kila jina, tarehe ya kupimwa. Halafu mshukuru Mungu kwamba wote bado wanaitika ukiwaita.