Elgoni, Mlima wa Moto Uliozimika

Jioni katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa husikilikana kwa mlio wa vikombe vyake. Wanywaji ni wengi, bali wachache hufikiri buni hukua wapi. Sehemu ya buni njema ipitayo Kilindini kwenda ng'ambo hutoka kwenye miteremko ya Elgoni, mlima uliokaa mpakani mwa Kenya na Uganda. Wagisu huuita Masaba.

Zamani sana, miaka milioni nyingi iliyopita, mlima huu ulitapika moto. Sasa umezimika kabisa. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho chapita futi 14,000. Juu pana shimo kubwa lenye upana upatao maili 5.

Mwaka 1883 Bwana Joseph Thomson, Mskoti, alishika njia ya bara kutoka Mombasa pamoja na wapagazi wa Pwani, hata akafika Elgoni. Huko aliona mapango makubwa ambamo watu walikaa pamoja na ng'ombe wao. Akadhani yamechimbwa na watu wa kale. Kumbe yalitokana na nguvu za maji katika mwamba laini, na ndovu nao wameyapanua. Mpaka leo, katika pango la Kitum, ndovu huingia gizani usiku, wakapapasa njia kwa mikonga, wakachokoa kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi.

Hadi mwaka 1902 mlima wote ulikuwa katika Uganda. Ndipo Jimbo la Mashariki lilipohamishiwa upande wa Kenya, na mpaka ukaupasua mlima. Lakini mvua haijui mpaka. Udongo wa mlima wa moto una rutuba nyingi, kwa hiyo watu wamesongamana, na miti imekatwa hata kwenye majabali ya kutisha. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka huko Bududa, Uganda, ikafukia vijiji pamoja na watu wengi sana. Maafa yakarudi Oktoba 2018.

Kwa hiyo, wasomaji, moto wa Elgoni umekwisha, lakini hatari haijesha. Msitu wa juu ndio ushikao udongo na kulisha mito ya nchi zote mbili. Upande mmoja ukiulinda na wa pili ukiukata, hasara ni ya wote, hata ya mnywa kahawa wa Mombasa.