Matembezi ya Siku Moja Iringa

Siku moja ya mapumziko twaliwachukua wanafunzi wetu wa madrasa kutoka mjini Iringa kwenda kutazama mambo ya kale.

Asubuhi twalifika Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Mwongoza wageni akatuonyesha fuvu ndani ya kioo. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asishikwe. Adui wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru kirejeshwe, lakini fuvu halikurudi ila mwaka 1954.

Mtoto mmoja akauliza: "Maalim, mbona hawakulizika?"

Twalinyamaza. Kila siku twawafundisha kwamba maiti ana haki ya kuzikwa. Mwongozaji akajibu kwa upole kuwa ushahidi ukifukiwa, dhuluma husahauliwa. Hatukumpinga, wala moyo haukutulia.

Alasiri twalikwenda Isimila, kiasi cha kilomita 20 katika njia ya Mbeya. Huko maji ya mvua yamechonga bonde, yakaacha nguzo za udongo zilizo ndefu kupita nyumba. Twaliona na mashoka ya mawe, kazi ya watu wa zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Majina yao hayajulikani. Kazi ya mikono yao ndiyo iliyobaki.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu. Habari za Mkwawa twalizisimulia mwaka mzima, wala hakuna aliyeuliza swali lile mpaka alipoona kwa macho yake.